Naombeni ushauri: hili jiwe ni graniti au granodioriti?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Mwanza, huku mawe ndo mandhari yenyewe, si mnalijua Jiwe la Bismarck pale ziwani. Sasa nimeokota kipande huku Bwiru kwa wanaoponda kokoto nikijua ni graniti tu kama tunavyoyaita yote, ila nilivyokivunja nikaanza kuchanganyikiwa.

Chenga zake ni kubwa zinaonekana kwa macho. Kuna kwatzi ya kijivu inayong'aa kama chupa, nimekadiria kama robo ya jiwe, kisu hakiikwaruzi kabisa. Halafu ulanga mweusi unabanduka kwa kucha. Shida iko kwenye feldispa (yale madini mengine makuu ya mawe haya), nyingi ni nyeupe, za pinki chache mno. Siki nimemwagia, halichemki hata kidogo (najua hiyo ni ya chokaa, nilijaribu tu). Nnavyoelewa ikiwa plajioklezi (feldispa ya sodiamu na kalsiamu) imezidi kama theluthi mbili ya feldispa zote basi hiyo siyo graniti tena ni granodioriti, ila rangi nayo inadanganya maana feldispa ya potasiamu inaweza ikawa nyeupe pia.

Nina lenzi ya mkono tu, x10, mikroskopu sina. Je, nitaitambuaje plajioklezi, ile mistari myembamba iliyonyooka kwenye uso wake inatosha? Maana nimeiona kwenye chenga tatu nne hivi, zingine zimechakaa. Na niangalie chenga ngapi ndo nipate makadirio ya maana?