Ukisoma Ujerumani unaweza kutembea nchi jirani?

msee_wa_umoja: Wadau, naenda kusoma Leipzig mwezi wa kumi, likizo nataka kufika Paris na London, itabidi nianze tena hii kazi ya viza ama?

kairetu_k: Paris unapanda treni tu. Ukishapata kibali cha ukaaji unazunguka nchi za Schengen (zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida mipakani) hadi siku 90 katika kila siku 180, beba paspoti na hiyo kadi ya kibali, polisi huingia kukagua hadi kwa basi la usiku. London sasa utaomba viza yao, Uingereza haiko Schengen, hata Ireland.

baba_tasha: Kwanza zile euro 11,904 za kuweka kwa akaunti ndio upewe viza ya mwanafunzi umetoa wapi kijana 😂

msee_wa_umoja: Mathe aliuza ploti Kitengela, tuyaache hayo.