Nani aliwatuma wanasiasa kuahidi kwamba aliyechanjwa haambukizwi?

Ndugu wanajamvi, kazi yangu ni elimu ya kinga ya mwili, na nimechoka kuulizwa kwa kejeli kwa nini "chanjo yenu" ya Uviko-19 haikuzuia maambukizi, ilhali ahadi hiyo haikutoka maabara.

Majaribio ya chanjo ya Pfizer ya mwaka 2020, yaliyohusisha watu zaidi ya 43,000, yalipima nani anaugua akiwa na dalili, na hapo ndipo ilipopatikana ile asilimia 95 ya ufanisi wa kuzuia ugonjwa wenye dalili. Hayakupangwa kupima iwapo aliyechanjwa anaweza kumwambukiza mwenzake. Sindano ya begani hujaza kingamwili (protini za kinga zinazonasa kirusi) kwenye damu, lakini kirusi huingilia puani, ambako kingamwili hizo ni chache na hupungua upesi. Zinazodumu ni seli za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazomkumbuka adui, nazo huhitaji siku kadhaa kuamka: huchelewa kuziba mlango, ila huwahi kuokoa mapafu. Wala halikuwa jambo geni kwetu, maana mwaka 2013 kirusi cha polio kilikutwa kikizunguka kwenye maji taka ya Israeli, ambako watoto walichanjwa kwa sindano, na hakuna aliyepooza: ugonjwa ulizuiwa, kuenea hakukuzuiwa.

Pamoja na hayo yote, Julai 2021 Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani, alisema mbele ya kamera kwamba aliyechanjwa hapati Uviko. Kabla mwezi haujaisha, ikatoka taarifa ya mlipuko wa Uviko katika jimbo la Massachusetts, Marekani: kati ya wagonjwa 469, waliokamilisha chanjo walikuwa 346. Kati ya wagonjwa wote hao, waliolazwa ni 5, na hakuna aliyekufa. Mimi niliisoma kama habari ya chanjo iliyofanya kazi yake; umma uliisoma kama ushahidi wa kudanganywa, na siulaumu.

Ninaowalaumu ni wenzangu wa fani (nami simo nje) tulioketi kwenye vikao tukanyamaza, tukihofu kwamba ukweli wenye masharti utawakatisha watu tamaa ya kuchanja, huku watunga sera wakiwafukuza watu kazini kwa hoja ya maambukizi ambayo hatukuwa tumeithibitisha. Leo mzazi aliyejiona amedanganywa anaikataa hata chanjo ya surua, ugonjwa unaochukua wiki mbili hivi kabla ya vipele kutokea, muda unaoitosha kabisa kumbukumbu ya mwili kuukabili.

Ninadai kila atakayesimama kutangaza chanjo ya janga lijalo aseme kwanza imepimwa dhidi ya nini: kufa, kulazwa, kuugua au kuambukiza.

Nawasilisha.