Naomba ushauri: barua ya PFAS kwenye maji ya bomba

Habari za saa hizi wakuu. Naishi mji mdogo huku Michigan, Marekani, na mke wangu na mtoto wa miezi minne anayekunywa maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji. Juzi imekuja barua kutoka kwa wanaotuuzia maji: wamepima PFAS (kemikali za viwandani zisizooza kirahisi), na PFOS, mojawapo ya kemikali hizo, imetoka nanogramu 6 kwa lita. Kikomo kilichowekwa na EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, mwaka 2024 ni 4, ila wasambazaji wamepewa miaka ya kujipanga. Sasa mtoto naye ajipange?

Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia uzazi, kila asubuhi anachemsha sufuria nzima ya maji, anayapoza, anayachuja kwa kitambaa cheupe. Nimeshindwa kumwambia kuwa kuchemsha hakuondoi kemikali hizi. Mvuke ukipanda, zenyewe zinabaki sufuriani. Mama mkwe ni mama mkwe.

Kinachonisumbua, sampuli ilichukuliwa mtamboni, siyo jikoni kwangu. Kuna aliyewahi kupeleka maji ya bomba lake maabara? Naambiwa ni dola mia kadhaa, chupa zinatoka maabara yenyewe, na usizishike ukiwa umepaka losheni. Inafaa kweli, au hela hiyo niiweke kwenye chujio la osmosisi (linalosukuma maji kupitia utando mwembamba) chini ya sinki? Na mnaotumia chujio la mkaa, mnajuaje limechoka, maana PFAS haina ladha wala harufu?

Mwenye uzoefu anijibu tafadhali, kopo la maziwa linafunguliwa mara sita kwa siku.