Displei ya tarakimu nne: rizista nane au nne?

Mwenye mada: Wakuu, ubishi huu hauishi kwa mafundi. Kwa mazoea, displei ya vipande saba na nukta (kila kimoja ni ledi, yaani kitaa kidogo) hufungwa rizista nane za kupunguza umeme, moja kila kipande. Wengine wanafunga moja tu kwenye mguu wa pamoja wa kila tarakimu, yaani ule unaounganisha ledi zake zote, halafu wanawasha tarakimu moja moja. Hao siwaungi mkono. Kwa volti 5, ledi nyekundu ikichukua 2, rizista ya ohm 330 inapitisha kama miliampea 9. Ukiandika 1, vipande viwili vinagawana hizo 9. Ukiandika 8, kila kipande kinaambulia 1.3 tu. Saa ikifika 11:18, zile moja zinang'aa na nane imefifia.

Lakini waya zao wala si mbaya, kilichoharibika ni programu. Acheni rizista hizo nne hapo hapo, ila washeni kipande kimoja kimoja: kipande a kwenye tarakimu zote zinazokihitaji, kisha b, hadi nukta. Kila rizista inalisha ledi moja tu kwa wakati, mwanga unalingana. Nipingeni.

Kiraka: Mkuu, mbona gharama huitaji? Kwa rizista nane, tarakimu nne zinapokezana, kila ledi inawaka robo ya muda. Kwako vipande nane vinapokezana, ni moja ya nane. Unapunguza mwanga nusu uokoe rizista nne, vitu vya bei ya kutupa?

Mwenye mada: Hesabu na transista, Kiraka. Kwako mguu wa pamoja ukibeba 8 na nukta, ledi nane, ni miliampea 72, wakati pini ya ATmega328P, chipu inayoendesha displei, ukomo wake ni 40. Lazima uongeze transista nne, swichi za kubeba umeme huo. Kwangu pini ya kipande inabeba ledi nne, 36, basi.

Kiraka: Hiyo 40 ni ya kutovukwa kabisa, si ya kufanyia kazi kila siku! Watengenezaji wenyewe wanapima pini kwa 20.

Mwenye mada: Hapo umenibana. Weka ohm 680, itakuja kama 18. Kwa saa ya sebuleni inatosha. Ubao wa kusomwa juani, sawa, rudi kwenye nane zako na transista.

Msomaji wa Usiku: Mnahangaika bure. Chipu ya MAX7219 inaendesha tarakimu nane kwa rizista moja.

Kiraka: Inataka displei za kathodi ya pamoja, ndugu, zenye upande hasi wa ledi zote umeunganishwa. Hizi nilizonazo mezani zote ni anodi ya pamoja, upande chanya.