Kumtazama Bibi: gumzo la ukoo, Jumapili jioni

Baba Mkubwa: Bwana asifiwe, wanangu. Nimetoka kumtazama Bibi hospitalini. Tangu asubuhi wageni hawakukatika, na alipoondoka wa mwisho Bibi hakuweza hata kuinua kichwa. Dada yenu aliyeko Brooklyn, Marekani, aliwahi kunieleza utaratibu wa Wayahudi katika jambo hili. Mwanangu, tafadhali waeleze na wenzako.

Dada (Brooklyn): Shikamoo Baba Mkubwa, shikamooni wakubwa wote. Mzee ninayemtunza huku ni Myahudi ashikaye dini, na tangu alipoanza kuugua nimejifunza mengi. Kumzuru mgonjwa wanakuita bikuri kholimu, na kwao ni wajibu. Talmudi, kitabu chao kikuu cha mafundisho ya marabi, inasema kwamba mwenye kumzuru mgonjwa humwondolea sehemu moja kati ya 60 ya maumivu yake. Papo hapo imesimuliwa habari ya Rabi Akiva, mwalimu wao mkuu wa kale, aliyemwendea mwanafunzi mgonjwa ambaye wenzake hawakumjali. Kwa ajili ya ujio wake chumba kilifagiwa, sakafu ikanyunyiziwa maji, na kijana akapona. Habari hiyo hunigusa kuliko zote, kwa maana nafuu yake ilianzia kwenye ufagio.

Mama Mdogo: Na sala yenyewe husemwaje, mwanangu?

Dada (Brooklyn): Mama Mdogo, Torati inaposomwa sinagogini, siku za Jumatatu, Alhamisi na Sabato, husemwa sala iitwayo Mi Sheberakhi, ambamo Mungu aliyewabariki Ibrahimu, Isaka na Yakobo huombwa ampe mgonjwa uponyaji wa nafsi na wa mwili. Mgonjwa hutajwa kwa jina lake na la mama yake. Siku ya Sabato, kwa kuwa si siku ya kulia, huongezwa maneno kwamba uponyaji u karibu kuja. Majirani wa mzee nao hugawana Zaburi zote 150, ili kitabu kimalizike siku hiyo hiyo.

Kaka: Je, wageni hao hawamchoshi?

Dada (Brooklyn): Sheria zao zimeliangalia hilo, kaka. Jamaa na marafiki wa karibu huingia mara moja, wengine husubiri siku tatu, ila ugonjwa ukiwa mkali wa ghafla. Wanafundishwa kuepuka saa tatu za kwanza za mchana, kwa sababu mgonjwa huonekana ana nafuu na mgeni husahau kumwombea, na saa tatu za mwisho, kwa sababu huonekana amezidiwa na mgeni hukata tamaa. Mgonjwa ambaye kusema kunamwumiza hasumbuliwi kabisa: mgeni hubaki chumba cha nje, akauliza kama kuna cha kufagia au kununua, kisha akamwombea.

Baba Mkubwa: Basi kuanzia kesho wataingia wawili tu, saa nane mchana. Wengine wapeleke uji, wachukue nguo za kufua, na wasivuke mlango wa wodi.

Mama Mdogo: Zaburi nitazigawa mimi. Atakaye aniandikie usiku huu.

Kaka: Mimi nipe ya 119, Mama Mdogo, ile ndefu.

Dada (Brooklyn): Baba Mkubwa, nilimweleza mzee habari za Bibi, naye anaomba majina mawili, la Bibi na la mama yake, ili amtaje katika baraka ya uponyaji anayoisali kila siku ya kazi.

Baba Mkubwa: Katika sisi tulio hai, jina la mama yake Bibi ninalikumbuka mimi peke yangu. Nitakupigia sasa hivi, mwanangu, ulisikie linavyotamkwa.