Nimeshinda droo ya nyumba nafuu, nyumba nimenyimwa kwa sababu ya ovataimu ya wiki tano

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nikirudia jambo mara mbili mjue nimekusudia.

Miaka sita nimejaza fomu za droo ya nyumba nafuu. Nilipopita arobaini nikaacha kuhesabu. Unafungua tovuti usiku watoto wamelala, unajaza majina, kipato, idadi ya watu, unabofya, unasubiri. Jengo lina fleti themanini, waombaji makumi ya maelfu. Kompyuta inawachanganya wote kama karata, kila mmoja anapewa namba, kisha wanaanza kuita kutoka juu. Namba zangu zilikuwa za elfu thelathini, elfu arobaini. Moja ilikuwa elfu hamsini na kitu, hiyo hata mjukuu wangu asingeitwa. Na hilo sikuwahi kulilalamikia. Kura ni kura. Mwenzangu akipata mimi nikakosa, heri yake.

Safari hii nikapata 212.

Nilipiga kelele hadi mtoto mdogo akaamka. Nikampigia dada, naye akaanza kuuliza kama jikoni kuna dirisha. Kumbe tulikuwa tunasherehekea kuitwa kwenye foleni nyingine kabisa, ambayo hakuna tangazo linaloitaja.

Hiyo ni foleni ya makaratasi. Unapewa siku chache upeleke hati za mshahara zilizofuatana, barua ya mwajiri, marejesho ya kodi ya mapato, taarifa za benki, vyeti vya kuzaliwa, mkataba wa unakoishi, risiti za pango, barua ya shule ya watoto. Nikapeleka vyote. Wiki tatu kimya. Kisha ikaja barua pepe: hati zako za mshahara zimepitwa na wakati, leta mpya. Zimepitwa na wakati kwa sababu ninyi mmezikalia!

Nikapeleka mpya. Wakahamia benki. Kila hela iliyoingia kwenye akaunti ambayo si mshahara, niiandikie maelezo. Rafiki alinirudishia deni: eleza. Dada alinitumia nusu ya bei ya zawadi tuliyomnunulia mama: eleza, na dada naye aandike barua yake, aisaini mbele ya wakili. Mama aliposikia habari za wakili akaniuliza nimeshtakiwa kwa kosa gani. Katikati ya hayo afisa aliyekuwa na faili langu akaacha kazi, na aliyempokea akaanza upya ukurasa wa kwanza. Akaniuliza watoto ni wa nani.

Sasa njooni kwenye kosa lenyewe. Ghala ninalofanyia kazi lilikuwa na msimu wa mizigo mingi, nikapiga ovataimu wiki tano mfululizo. Nilizipiga makusudi, ili nipate hela ya amana ya fleti hiyo hiyo. Wao wakachukua hati za wiki hizo, wakazikuza zikawa kipato cha miezi kumi na miwili ijayo, kana kwamba nitaishi ghalani bila kulala mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo nimevuka kiwango cha juu kwa kiasi kisichofika mshahara wangu wa wiki moja. Barua ya mwajiri inayosema ovataimu imekwisha wanayo, imo kwenye faili. Jibu limekuja Ijumaa jioni, mistari minne: kaya yako imezidi kipato kinachoruhusiwa.

Nimezidi! Mimi!

Miaka miwili nyuma jengo lingine lilinikataa kwa kipato KIDOGO. Ndiyo, wanaweka sakafu pia: wanaangalia pango la fleti, wanasema usitumie zaidi ya takriban theluthi moja ya kipato chako, ukiwa chini ya hapo wewe huwezi kumudu. Haya. Wakati huo, na mpaka leo, nalipa karibu nusu ya mshahara kwa vyumba viwili vyenye unyevu. Pango la fleti waliyoninyima lilikuwa chini ya ninalolipa. Yaani kwa kunionea huruma nisibebe mzigo, wamenirudisha kwenye mzigo mkubwa zaidi. Nilimwambia yule dada wa simu hivyo hivyo. Akasema anaelewa. Sikumlaumu, maana sauti yake ilionyesha amelisikia siku hiyo hiyo kwa watu kumi.

Nikaanza kusoma hii hesabu ilitoka wapi. Marekani mwaka 1969 seneta Edward Brooke wa Massachusetts alisukuma sheria kwamba mpangaji wa nyumba za umma asilipe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981 wakapandisha hadi asilimia 30, na hiyo 30 ndiyo imezunguka dunia. Ilikuwa breki kwa mwenye nyumba: usimkamue huyu kupita hapa. Leo anaishika msimamizi wa jengo kumzuia mpangaji mlangoni.

Na hivyo "viwango vya kipato" vyenyewe. Wanachukua kipato cha kati cha eneo, yaani ukizipanga familia zote kwa kipato, ile inayosimama katikati, kisha fleti zinagawanywa: hizi za wenye asilimia 50 ya hicho, hizi 80, hizi 130. Inasikika vizuri hadi uulize eneo ni lipi. New York, kwa mfano, hesabu ya serikali kuu haiishii kwenye wilaya tano za jiji lenyewe, inabeba na kaunti za nje kama Rockland na Putnam, wanakokaa watu wenye nyumba zao na magari mawili. Kipato cha kati kinaweza kupanda, na "nafuu" ikapanda nacho. Mtu wa mtaa wa kipato cha chini anaona jengo "nafuu" linainuka mbele ya dirisha lake na hakuna fleti hata moja ya kipato chake. Halafu kuna mashimo. Jengo linachukua wa 40 hadi 60, kisha linaruka hadi 130. Wewe wa 70 umeanguka katikati, na hakuna anayekuambia umeangukia wapi.

Upendeleo wa wakazi wa mtaa nao sitausema sana, una pande mbili. New York walikuwa wanawatengea nusu ya fleti wakazi wa eneo husika, ikafunguliwa kesi mwaka 2015 kwamba utaratibu huo unaendeleza ubaguzi wa makazi, na mwaka 2024 wakakubaliana kushusha hadi asilimia 20, baadaye 15. Nawaelewa waliofukuzwa na bei mitaani kwao, nawaelewa na waliofungiwa nje ya mitaa mizuri. Wanagombania mkate mmoja.

Najua kuna mtu atakuja kuandika "hama jiji" au "tafuta kwa dalali kama wengine". Mkuu, kabla hujaandika: uchunguzi rasmi wa New York wa 2023 ulikuta nyumba za kupanga zilizo wazi ni asilimia 1.4 tu, chini kabisa tangu 1968, na zile za bei ya chini hazikufika hata asilimia moja. Miji ghali inafanana. Hizo za dalali unazonielekeza ndizo hizi ninazolipia nusu ya mshahara. Na nikihama, ghala halihami nami.

Kushindwa kwenye droo kulinifanya nilale. Huku kushinda ndiko kumeninyima usingizi. Kama kipato changu kinazidi kwa sababu ya wiki tano za ovataimu, basi waandike kwenye tangazo, kwa herufi kubwa: ukiitwa, usifanye kazi. Waandike wanahesabu wiki zipi. Waandike ni wangapi kati ya walioitwa hutupwa kwa makaratasi, na fleti zao huenda kwa nani, na baada ya muda gani. Idadi ya waombaji wanaitangaza kwa fahari kabisa, hii nyingine sijawahi kuiona.

Nimepewa siku kumi za kazi za kukata rufaa. Nimeshapoteza tatu, moja nikiwa kwenye simu na muziki. Mwajiri amekubali kuandika barua ya pili yenye saa zangu za mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Swali langu kwa aliyewahi kupita hapa: barua hiyo peke yake inatosha, au niambatanishe na marejesho ya kodi ya miaka miwili nyuma waone wastani? Na ukikata rufaa, fleti wanakushikilia au wanaendelea kumwita wa 213? Mwenye kujua aandike hapa chini. Mwenye pole tu abaki nayo kwanza, nitaihitaji rufaa ikigonga mwamba.