Mjumbe asiye na cheo hufungwa na maadili gani?

Mwalimu wa Njoro
Wanajukwaa, hamjambo. Ninafundisha Historia na Serikali huku Njoro, na juma lililopita mwanafunzi wa kidato cha nne aliniuliza swali lililonishinda. Machi 2025 Rais William Ruto alimtuma Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu, aende Juba baada ya Riek Machar, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan Kusini, kuwekwa katika kizuizi cha nyumbani, ilhali Raila wakati huo hakuwa na wadhifa serikalini. Simshuku marehemu kwa lolote. Ni mfano tu. Mtoto alitaka kujua kama zawadi anayopewa mjumbe wa namna hiyo ni mali yake au ya Jamhuri. Nilimwelekeza kwenye Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, kisha nilipoisoma tena jioni nikaona kwamba sijamjibu. Naomba msaada, na tafadhali tusiugeuze uzi huu kuwa wa siasa za vyama.

Wakili Kisumu
Mwalimu, shaka yako ina msingi. Ibara ya 76 husema kwamba zawadi anayopewa afisa wa Serikali katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri, lakini Ibara ya 260 huitambua ofisi ya umma kwa malipo yanayotoka Hazina ya Pamoja, yaani mfuko mkuu wa serikali, au katika fedha zilizotengwa na Bunge. Anayejitolea bila malipo hupenya hapo katikati: ametumwa na Rais, lakini hana kiapo wala fomu ya kutangaza mali. Watu hukusifu kutolipwa huko kama uzalendo. Mimi ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu asiyegharimiwa na aliyemtuma atagharimiwa na mwingine, hata kama ni tikiti ya ndege tu. Hata hivyo hayuko nje ya sheria zote, kwani Sheria ya Hongo ya 2016 humfikia hata raia wa kawaida anayemhonga afisa wa nchi ya kigeni.

Marekani wamejaribu kuhesabu siku: mshauri anayeteuliwa kwa muda usiozidi siku 130 kwa mwaka huingizwa katika daraja maalumu la watumishi, na sheria ya mgongano wa maslahi humbana awe analipwa au halipwi. Wanayo pia sheria ya 1799 inayomkataza raia kujadiliana bila idhini na serikali ya kigeni yenye mzozo na nchi yao, ila walioshtakiwa kwayo ni wawili, 1803 na 1852, na hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka 2025 Jared Kushner, mkwe wa Rais Donald Trump asiyekuwa na wadhifa serikalini, alishiriki mazungumzo ya Gaza, huku kampuni yake ikiwa imewekewa dola bilioni 2 na mfuko wa serikali ya Saudia.

Mama Mbuta
Mimi si mwanasheria, nauza samaki. Miaka michache iliyopita mashua mbili za ufuo wetu zilikamatwa upande wa Uganda pamoja na injini na nyavu. Wazee walimtuma mnunuzi mmoja wa mbuta, yaani sangara, akaongee, kwa kuwa anazijua lugha za kule na ana marafiki, naye akarudi na injini siku ya tatu, tena kwa nauli yake mwenyewe. Ilipita miezi ndipo tukang'amua kwamba alikuwa akiwadai wavuvi wale, na kwamba tangu siku ile walikuwa wakimuuzia yeye peke yake, kwa bei anayoitaja yeye. Nilikuwapo mbuta wa kilo 6 alipopandishwa mizani, mwenye mashua akitazama mchanga.

Siku hizi anayetumwa hutaja mbele ya kamati ya ufuo, kabla hajapanda mashua, ni nani anamdai na ni nani anadaiwa naye, na katibu huyaandika hayo katika daftari lile lile la kupokelea samaki.

Mwalimu wa Njoro
Ahsante Wakili, ahsante Mama. Darasani nitaanza na mbuta, ndipo niende kwenye Ibara ya 260. Lakini Mama, anayekataa kutaja madeni yake mnamfanyaje?

Mama Mbuta
Tunamtafuta mwingine, Mwalimu. Hadi sasa amekataa mmoja tu, na nauli tuliyokuwa tumemchangia aliirudisha yote ila shilingi 200.